Wota pampu ya Land Rover ya 1976 inadondosha maji: izibwe, ikarabatiwe au inunuliwe mpya?

*"Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Uyole, Mbeya. Nina Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli, ya mwaka 1976. Naitumia kubebea viazi kutoka Isyonje, na mwezi ujao natakiwa Morogoro kwenye harusi ya mjukuu, maana yake wakati wa kurudi nitaupanda mlima Kitonga. Tangu mwezi uliopita inadondosha maji chini ya feni. Nikiweka kopo usiku, asubuhi nakuta karibu nusu kikombe. Nikiiwasha asubuhi inalia kwa dakika chache kisha inanyamaza. Safari ya mwisho ya kupanda Isyonje ilichemsha. Fundi wa kwanza kasema nitoe thamostati, kile kitundu kinachodondosha nikizibe kwa silikoni, nisukumie grisi na nitie bizari kwenye rejeta. Wa pili kasema ninunue pampu mpya Dar es Salaam. Wa tatu kasema yangu ikarabatiwe kwa sababu chuma chake ni cha zamani. Spana ninazo na mikono bado ina nguvu. Nifanye lipi, na je, kazi hii naiweza mwenyewe?"*

Shikamoo Mwalimu. Umeeleza vizuri, na mtu akieleza hivi nusu ya kazi ya kutafuta ugonjwa inakuwa imekwisha. Una dalili tatu: maji chini ya feni, kelele ya asubuhi na kuchemsha mlimani. Zinaweza kuwa na chanzo kimoja, lakini usilichukulie hilo kama jambo la hakika, kwa sababu watu wengi hubadilisha pampu, kisha gari linaendelea kuchemsha kama mwanzo.

Nianze na msimamo wangu. Kitundu usikizibe, thamostati (ile vali inayofunguliwa na joto ili maji yaende kwenye rejeta) usiitoe, bizari usiitie. Pampu itolewe na ikaguliwe. Ikiwa bodi yake ni nzima, ikarabatiwe na fundi mwenye presi, yaani mashine ya kusukumia beringi na shafti. Ikiwa imeliwa na kutu, nunua mpya. Kuifungua na kuirudisha unaweza mwenyewe, ila boliti moja mbishi inaweza kubadilisha hesabu yote, na hilo nitalifikia. Na gari lisiende Morogoro kabla kazi hii haijaisha.

Pampu yenyewe ni kitu rahisi. Kuna shafti moja inayopita katikati ya beringi. Mbele ya shafti kuna habu, pale puli na feni zinapofungwa. Nyuma kuna impela inayosukuma maji. Kati ya impela na beringi kuna sili: kipande cha kaboni kinachokandamizwa na springi dhidi ya uso laini unaozunguka. Kaboni hiyo inalainishwa na maji yenyewe. Siku sili inapoanza kuchoka, maji kidogo hupenya kuelekea kwenye beringi. Waliobuni pampu walilijua hilo, ndiyo maana kati ya sili na beringi waliacha kitundu upande wa chini, ili maji yadondoke nje badala ya kuingia kwenye beringi na kuosha grisi yake.

Kwa hiyo kitundu hicho ndicho kinachokuambia kwamba sili imechoka. Ukikiziba, maji hayaachi kupenya, yanabadilisha tu njia: yanaingia kwenye beringi, grisi inaoshwa, kutu inakaa, na baada ya muda shafti inaanza kucheza. Shafti ikicheza, feni inacheza nayo. Beringi ikivunjika gari likiwa na mwendo, feni inakwenda mbele na kuikata rejeta, na hapo unakuwa umebadilisha ubovu wa sili moja kwa hasara ya pampu, rejeta na pengine silinda hedi. Hata grisi ya fundi wa kwanza haisaidii. Beringi ya pampu ya Series III imefungwa kiwandani ikiwa na grisi yake. Grisi ya kusukumia kwenye kitundu haifiki inakotakiwa, inatoka na kuchafua mkanda wa feni, kisha mkanda unaanza kuteleza.

Bizari, yai na dawa za unga za kuzibia zina tabia moja: haziwezi kuchagua tundu. Zinaganda popote maji yanapopita polepole, na katika gari lako sehemu hiyo ni vijibomba vyembamba vya rejeta. Kwa gari lililokwama porini na rejeta iliyotoboka kidogo, naelewa mtu akifanya hivyo ili afike nyumbani. Kwa sili ya pampu hazifai kabisa, kwa sababu uso wa sili unazunguka, na chembe yoyote ngumu inayoingia hapo inaukwaruza zaidi.

Sasa hakikisha maji yanatoka kwenye pampu kweli. Injini ikiwa baridi, futa sehemu yote ya mbele hadi ikauke, kisha paka unga wa chaki, ambao mwalimu hakosi. Jaza rejeta, funga mfuniko, washa injini hadi ipate joto, izime na uangalie kwa tochi. Mstari wa maji kwenye chaki utakuonyesha mwanzo wake. Ukianzia kwenye kitundu cha chini ya pampu, ni sili. Ukianzia pale pampu inapokutana na injini, ni gasketi au chuma kilicholiwa. Angalia pia ule mpira mfupi unaounganisha nyumba ya thamostati na pampu. Ni mfupi, umejificha, mara nyingi ni wa zamani kuliko mipira mingine yote, na maji yake huteremka juu ya pampu hadi mtu akaidhania pampu ndiyo inayovuja.

Baada ya hapo zima injini, shika feni kwa mikono miwili, mkono mmoja juu na mwingine chini, uitikise mbele na nyuma. Feni isicheze hata kidogo. Ukisikia mchezo wowote, beringi imekwisha na gari lisitembee tena mpaka pampu itoke. Kisha legeza mkanda, uutoe, na uzungushe feni kwa mkono. Inatakiwa izunguke laini, bila kukwaruza wala kushika mahali.

Kuhusu kelele ya asubuhi: kabla ya kuilaumu beringi, iwashe asubuhi ikiwa inalia na umwagie mkanda maji kidogo upande wa ndani, ukiwa mbali na feni na mikono ya shati ikiwa imekunjwa. Kelele ikibadilika au kukatika mara moja, ni mkanda unaoteleza. Baridi ya Uyole ya mwezi wa sita na wa saba inaukaza mpira, na oltaneta inadai nguvu nyingi dakika za kwanza kwa sababu betri imechoka kwa kuwasha. Kelele isipobadilika, zima, toa mkanda, washa tena kwa nusu dakika tu bila mkanda. Ikinyamaza kabisa, mlio unatoka kwenye pampu, kwenye oltaneta au kwenye mkanda wenyewe, na kwa kuzizungusha mbili za kwanza kwa mkono utajua ni ipi inayokwaruza.

Kuna kipimo kimoja usikiruke, kwa sababu kinaamua kama pampu ndiyo ugonjwa wako mkubwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi yaonekane, washa na utazame. Mapovu machache mwanzoni si kitu. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji, yaani hedi gasketi imeungua au hedi imepinda. Chomoa na kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani yake. Ukikuta moja ya haya mawili, weka spana chini. Pampu mpya haitakuponya, na hiyo ni kazi ya karakana yenye uwezo wa kupima hedi na kuinyoosha kwa mashine.

Nije kwenye jambo ambalo mafundi wetu wengi wa nyanda za juu hawalipi uzito, nalo ni urefu wa milima yetu. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, yanachemka kwa karibu nyuzi 94. Ukipita Isyonje na kuendelea hadi uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi, yanachemka kwa nyuzi 91. Injini yako inafanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu. Maana yake ukiwa huko juu na mfuniko wa rejeta usioshika presha, nafasi kati ya joto la kawaida na kuchemka ni ndogo mno, na mlima mmoja wenye mzigo wa viazi unaimaliza.

Kinachokuokoa ni mfuniko. Mfuniko sahihi wa gari lako umeandikwa 9 au 10, yaani paundi kwa inchi ya mraba. Ukishika presha hiyo, maji yako Mbeya hayachemki mpaka karibu nyuzi 110, na hata Kitulo yanavuka 108. Mpira wa mfuniko ukipasuka au springi yake ikilegea, unapoteza nyuzi zaidi ya kumi na tano kwa kitu kidogo kuliko vyote kwenye mfumo mzima. Mfuniko mbovu unaumiza na pampu pia: nyuma ya impela, upande unaovuta, presha hushuka, na maji yaliyo karibu na kuchemka yanatengeneza mapovu pale pale. Impela inayopiga mapovu haisukumi maji, na mapovu yakipasuka yanakula chuma. Kwa hiyo nunua mfuniko mpya pamoja na sili ya pampu. Usifunge wa paundi 15 wa gari la kisasa ukidhani utapata faida zaidi. Rejeta ya umri huo na mipira yake haikutengenezwa kwa presha hiyo.

Na thamostati? Wazo la kuitoa limezoeleka sana nchini, na linatokana na nia njema: mtu anadhani ameondoa kizuizi. Lakini injini isiyofika joto lake inakunywa mafuta, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kujaza uchafu kwenye oili. Kwa baridi ya Uyole, Makete na Njombe, madhara hayo yanakuja haraka kuliko Dar es Salaam. Isitoshe, kama rejeta imeziba au pampu haisukumi, kutoa thamostati kunachelewesha tu kuchemsha, hakukuzuii. Ipime badala ya kuitupa. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na upashe moto. Nyingi za injini hizi zimeandikwa 74 au 82. Kwenye joto lililoandikwa inatakiwa ianze kufunguka. Jihadhari na kosa moja: thamostati huhitaji nyuzi kumi na zaidi juu ya hapo ili ifunguke yote, na maji ya sufuria yako Uyole hayavuki 94. Ya 82 isipofunguka hadi mwisho kwenye sufuria usiihukumu. Ihukumu ikikataa kabisa kufunguka, au ikibaki wazi baada ya kupoa.

Sasa swali lako la msingi, kukarabati au kununua. Mimi naegemea upande wa fundi wa tatu, lakini kwa masharti. Bodi za pampu za zamani za chuma cha kalibu ni imara, nyuso zake zimekaa sawa, na mashimo yake yanajulikana kuwa yanalingana na injini yako. Pampu mpya zinazouzwa kama za Series III hazifanani ubora. Nyingine ni nzuri kabisa, nyingine impela yake imekatwa vibaya au habu imekaa mbele au nyuma kuliko inavyotakiwa, na puli isipolingana na puli ya kranki mkanda unaliwa ubavuni.

Masharti ya kukarabati ni haya. Bodi isiwe na ufa. Uso unaokaa gasketi usiwe na mashimo ya kutu yanayofika kwenye njia ya maji. Kikalio cha sili kiwe laini. Beringi mpya iingie kwenye bodi kwa kubana. Ikiingia kwa kusukuma na kidole, bodi imetanuka na haifai. Habu nayo iingie kwenye shafti kwa presi, ikibana. Habu iliyolegea isichomelewe kwenye shafti: joto la kuchomelea linaharibu beringi na sili iliyo jirani, na habu inakaa upande, feni ikazunguka ikiyumba. Upate seti kamili yenye beringi na shafti yake, sili na gasketi. Sili peke yake kwenye beringi iliyokwisha kulowa ni kazi ya kurudiwa.

Fundi wa presi lazima apime kabla ya kuvunja. Kwa vernia, ile rula ya kupimia kwa usahihi, achukue urefu kutoka uso wa gasketi hadi uso wa habu, na nafasi iliyopo kati ya impela na bodi. Aviandike. Akirudisha, vipimo hivyo virudi vilevile. Impela ikikaa mbali na bodi maji yanazunguka mahali pamoja badala ya kusukumwa. Ikikaa karibu mno inakwaruza joto likipanda. Kwenye pampu hizi kuna skrubu inayoizuia beringi isitembee ndani ya bodi, itolewe kwanza kabla ya presi kugusa shafti. Fundi asiyeijua hiyo skrubu atapasua bodi. Muulize kabla hujamwachia: "Beringi yako inashikiliwa na nini?" Jibu lake litakutosha kuamua.

Ukiamua kununua, nenda dukani na pampu ya zamani mkononi, iwe Mwanjelwa au Kariakoo, usiende na picha ya simu. Ziweke uso kwa uso kwenye kaunta. Mashimo yote yalingane, urefu wa habu uwe uleule, nyuzi za boliti za feni zikubali boliti zako za inchi, kitundu cha chini kiwe wazi. Zungusha shafti: pampu mpya yenye sili nzuri ina uzito kidogo, haizunguki huru kama gurudumu la baiskeli. Pampu iliyotumika, ile wanayokuambia ni "original ya kuchomolewa", siishauri. Sili iliyokaa miaka rafuni ikiwa kavu huvuja wiki ya kwanza.

Kazi yenyewe itakuchukua siku moja ukiwa hujaharakishwa, lakini dawa ya kutu ipulizie boliti za pampu jana yake jioni, na tena asubuhi. Spana zako ziwe za inchi. Nyingi ya boliti hizi zinataka spana ya nusu inchi, na ya milimita 13 inaingia lakini inakula kona za kichwa, hasa boliti ikiwa ngumu.

Toa waya wa betri. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, kisha fungulia maji chini ya rejeta na kwenye koki iliyo ubavuni mwa bloku. Koki ya bloku ikifunguliwa na maji yasitoke, imeziba kwa tope. Ichokonoe kwa waya, maana tope hilo ndilo lililojaa pia chini ya silinda. Maji yakiwa na koolanti yakinge kwenye beseni na kuyaweka mbali na kuku na mbwa. Yana utamu na ni sumu.

Legeza boliti nne za feni kabla ya kutoa mkanda, kwa sababu mkanda ndio unaoizuia puli isizunguke na spana yako. Kisha legeza oltaneta, toa mkanda, kava ya feni, feni na puli. Weka alama ya uso wa mbele wa feni kwa chaki. Feni ikirudishwa kinyume itazunguka vizuri lakini haitavuta hewa ya kutosha, na gari litachemsha kwenye mwendo mdogo huku kila mtu akiitafuta sababu kwingine. Mipira ya zamani iliyoganda usiivute kwa nguvu. Ikate kwa wembe kwa urefu na uibandue, utafunga mipya.

Boliti za pampu hazina urefu mmoja. Nyingine zinaishia kwenye kava ya mbele ya injini, nyingine zinapita hadi kwenye bloku. Chukua kipande cha katoni, chora umbo la pampu, na kila boliti inayotoka ichomeke kwenye tundu lake pale kwenye mchoro. Boliti ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inagota chini kabla ya kubana, nawe ukizidisha nguvu unapasua alumini.

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Kava ile ni ya alumini, boliti ni za chuma, na maji ya miaka karibu hamsini yamezigandisha pamoja. Usianze kwa kulegeza. Gonga kichwa cha boliti mara kadhaa kwa nyundo na kipande cha shaba, kisha jaribu kuikaza kidogo sana, usikie kama imesogea, ndipo ulegeze robo, urudishe, ulegeze tena, dawa ya kutu ikiingia kila mara. Boliti ikianza kujinyonga kama mpira bila kutoa mlio wa kuachia, simama. Hiyo inakaribia kukatika. Mpelekee fundi mwenye gesi aipashe moto taratibu, hata kama itabidi gari livutwe. Boliti iliyokatika ikiwa imebaki kipande nje si tatizo kubwa, fundi wa kuchomelea ataweka nati juu yake na kuitoa. Iliyokatikia ndani na mtu akaichimba kwa dreli ya mkono isiyo katikati ndiyo inayoharibu kava. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Pampu ikitoka, angalia uso wa kava uliokuwa nyuma yake. Alumini ikiwa na mashimo ya kutu yaliyofika njia ya maji, gasketi mpya haitaziba. Kava ijazwe na kusawazishwa uso kwa mashine (kupigwa fesi), au ibadilishwe. Ikiwa nzima, kwangua gasketi ya zamani kwa wembe uliolala, usitumie tindo wala msasa wa mashine. Huu ndio wakati wa kusukuma maji ya mpira kinyumenyume kwenye rejeta, kutoka chini kwenda juu, hadi yatoke meupe. Fanya hivyo pia kwenye bloku, ukiwa umetoa thamostati kwa muda. Kama rejeta haipitishi maji kwa kasi, ipeleke kwa fundi rejeta aifungue na kupitisha fimbo. Nashuku kuchemsha kwako Isyonje kuna mkono wa hapa.

Gasketi iwe ya karatasi ya gasketi, unene wa nusu milimita unatosha. Boksi la sabuni halifai, linalowa na kuoza. Paka grisi nyembamba au gundi ya gasketi isiyokauka, pande zote mbili, kiasi cha kuonekana tu. Silikoni nyingi ni adui: inayobanwa kwenda ndani inakatika vipande na kwenda kuziba rejeta. Safisha nyuzi za boliti kwa brashi ya waya, paka grisi ya shaba, na zile zinazopita kwenye maji zipake gundi kidogo kwenye nyuzi. Kaza kwa msalaba, kwa awamu mbili, hadi karibu Nm 20 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Bila spana ya kupimia nguvu, tumia spana fupi na nguvu ya kiganja, usining'inie.

Kabla ya kufunga feni, zungusha habu kwa mkono. Ikikwaruza, toa uangalie sasa. Mkanda ukaze hadi ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli ya kranki na ya feni ubonyee milimita 10 hivi. Mkanda unaobanwa kama waya ndio muuaji mkubwa wa beringi za pampu. Kagua na bawa la feni lililopinda, kwa maana feni isiyolingana uzito hutikisa shafti kila mzunguko.

Mfumo wako unabeba karibu lita 10. Changanya lita 4 hadi 5 za koolanti ya glikoli na maji safi. Wengi hudhani koolanti ni ya nchi za theluji. Kwako inazuia kutu kati ya chuma na alumini, inalainisha sili, na Kitulo na Makete umande huganda mwezi wa saba, hivyo hata kuganda si jambo la mbali. Maji ya kisima yenye chokaa yanaacha ukoko ndani ya bloku. Tumia ya mvua yaliyochujwa au maji yaliyotoneshwa. Ukienda dukani kuulizia maji ya betri, soma chupa: nyingine ni asidi, na asidi ikiingia kwenye mfumo huu itaula.

Paki gari pua ikielekea juu ya mteremko ili hewa itoke. Fungua hita kama ipo. Jaza polepole, washa bila mfuniko, iache ingurume taratibu. Mpira wa juu utakuwa baridi kwa muda, kisha ghafla utapata joto: thamostati imefunguka. Maji yatashuka, ongeza hadi sentimita 2 au 3 chini ya shingo, funga. Tembea kilomita chache mjini, rudi, iache ipoe kabisa, ongeza maji, kaza klipu na boliti tena injini ikiwa baridi. Pampu mpya inaweza kudondosha matone machache siku ya kwanza sili ikijikalisha. Ikiendelea baada ya siku mbili, irudishe kwa aliyeikarabati.

Ukiiona tiba imekaa, panda Isyonje na mzigo nusu kabla ya kufikiria Kitonga. Pampu na feni zinafuata kasi ya injini, kwa hiyo mlimani shuka gia mapema na uiache injini izunguke kwa wepesi. Kuivuta kwa gia ya juu huku inatetemeka kunaipa joto jingi na maji machache. Geji ikipanda, egesha pembeni salama mbali na malori, iache ingurume dakika moja au mbili kama maji bado yapo, kisha zima. Mfuniko usiuguse kwa nusu saa angalau, na maji baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto, hedi inapasuka. Katika gari beba lita 10 za maji, mkanda wa akiba, mpira ule mfupi na klipu mbili.